Siku Nilifungwa kwa Neno la Kijerumani

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, ukubwa wa kiganja, na mi nilikuwa nimesahau kama iko mufukoni. Hiyo mujue kwanza. Iko watu wanasimulia hii habari kama vile ni wao walifungwa, na wanasema nilikuwa nimeificha ndani ya soksi. Uongo. Siku hiyo sikuwa hata na soksi. Ilikuwa ndani ya mufuko wa shati, pamoja na penseli ya kazi na karata yangu ya kitambulisho. Nilipovuta karata nimupe askari pale Petite Barrière, mupaka wa kwenda Goma, ile karatasi ikatoka nayo, ikaanguka chini, ikafunguka yenyewe mbele ya viatu vyake.

Mi ni fundi wa mbao. Nimesoma miaka tatu, na ule wa tatu sikuumaliza kwa sababu ya kichwa changu na kwa sababu ya mualimu mumoja ambaye amekufa, tumuache. Kiswahili nilipata kwa baba, Muislamu wa mujini hapa Gisenyi, watu wa biashara tangu zamani. Bibi yangu, yaani muke wangu, ni mukatoliki wa Rugerero, ndiko tunakaa, na nyumbani tunaongea Kinyarwanda, isipokuwa tukigombana. Hapo kila mutu anachukua luga ya kwao.

Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya tisini. Barabara zilikuwa zimeanza kutulia, lakini roho za watu bado. Basoda, askari wa serikali, walikuwa wanaogopa watu wa porini, sisi tunaogopa watu wa porini na tunaogopa basoda, na sidhani iko mutu alikuwa analala vizuri. Mi nilikuwa navuka kwenda Goma kununua vis, zile skrubu, na kola, gundi ya mbao. Jua lilikuwa kichwani. Bariyeri inafungwa saa kumi na mbili ya jioni, na kila mutu alijua: ukikutwa bado umekaa ndani ya chumba cha mabati wanamoshikia watu wakati inafungwa, unapandishwa kamyoneti. Inakupeleka wapi, watu walikuwa wanasema hivi na vile. Wako waliorudi kisha juma moja. Wako waliorudi kisha miezi. Wengine sijui, na sitaandika kitu sijui.

Askari akaokota karatasi. Alikuwa murefu, amekulia Uganda, Kiswahili chake kilikuwa cha kukata-kata.

"Hii nini, muzee?"

"Ni neno."

"Neno?" Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na namba zangu: 38, 120, 45, vipande 24. Akaigeuza tena. "Neno gani liko na miti?"

Sasa ngoja niwaambie kilichokuwa kimechorwa. Upande wa kushoto, juu, kulikuwa na kitu kimepinda, kina meno yamepangwa. Upande wa kuume kulikuwa na muti, na juu ya muti moto. Kutoka kwa yale meno mustari unashuka. Kutoka kwa muti mustari mwingine unashuka. Inakutana chini, katikati, na pale inapokutana kumeandikwa hii: Kiefer. Kisha duara kuzunguka.

Askari akasoma polepole, "Ki-e-fe-ri," akasema hii hapana Kingereza, hapana Kifaransa, hapana Kinyarwanda. Akaita afande.

Afande alikuwa mutu wa makamo, mupole, amekulia Tanzania. Alikuja akaniamkia "Shikamoo mzee," na mi nikaitika marahaba, nikaona labda mambo ni muzuri. Niliwaza vibaya. Wale wanaopiga kelele wanakuwa wamechoka, wanataka umalize waende kula. Huyu hakuwa amechoka.

Akaweka karatasi juu ya meza, akaweka kidole kwa yale meno.

"Hizi ni nguzo za uzio wetu hapa," akasema. "Huu ni msitu wa pinusi kule juu, na utachomwa. Hii ni njia moja, hii ni njia nyingine. Kikundi kimoja kinatoka hapa, kingine huku. Mnakutana hapa, na mahali penyewe mmepaita kwa jina la siri." Akageuza. "Na hii ni hesabu ya watu. Au ya bunduki. Utaniambia wewe, mzee wangu."

Bon, nitasema ukweli. Kidole chake kilipopita pale, hata mi niliona njia. Niliona watu wanashuka. Nilikuwa nimebeba ile karatasi tangu jana na sikuwa nimeona, na sasa ningeapa ni ramani.

"Si ramani, afande," nikasema. "Ni neno la Kijerumani. Nyuma ni vipimo vya viti."

Yule murefu akacheka. Afande hakucheka. Akasema nikae niseme tangu mwanzo, taratibu, kwa sababu muda uko, mpaka saa kumi na mbili.

Nikasema.

Iko shule moja huku Rugerero, viti vyake vyote watu walikuwa wamevipikia wakati wa yale mambo ya vita. Siwalaumu, hata mi nilikula maharage yaliyoivia kwa kiti cha shule. Padri mumoja akaleta muzee wa Kijerumani, mualimu wa zamani aliyekaa Tanzania miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Yeye analeta mbao za pinusi, mi natengeneza. Alikuwa na goti bovu. Kila baada ya siku mbili anaenda Nyamyumba kuloweka hilo goti ndani ya maji ya moto yanayotoka ardhini, akirudi anakaa kwa baraza yangu juu ya maganda ya randa na kuuliza majina ya vitu. Na akipata jina haridhiki. Anataka kujua limetoka wapi.

"Hili neno mmelipata kwa nani, fundi?"

"Kwa baba."

"Na baba?"

"Mualimu, baba amekufa, tufanye kazi."

Siku moja akaniambia neno shule ni la kwao, walituachia walipokuwa na boma lao hapa kwa ziwa. Nilikasirika kidogo. Babu yangu alibeba mizigo yao mpaka bega likapata kidonda, na hakurudi na neno hata moja, alirudi na kidonda. Lakini muzee alikuwa mutu wa haki. Aliniambia, "Basi kidonda ni chetu pia." Nikaendelea na randa.

Hayo yote sikumuambia afande, nawaambia ninyi. Afande nilimuambia ya jana yake tu.

Jana yake bibi yangu alikuwa anaumwa jino. Shavu limevimba kama ameweka yai ndani, amefunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka juu ya kichwa. Mujerumani akauliza ana nini. Nikamuonyesha taya. Akagusa taya yake mwenyewe, akasema, "Kiefer." Kisha akatazama ubao niliokuwa napiga randa, akaugusa, akasema tena, "Kiefer." Akaanza kucheka peke yake.

Bibi akaniuliza kwa Kinyarwanda huyu anacheka nini. Nikamuambia labda kwao wanafunga meno ya mbao.

Muzee akasema hapana, fundi, sikiliza. Akaomba karatasi. Nikamupa hii yenye vipimo, sikuwa na nyingine. Akachora, huku anaeleza. Akasema leo inaonekana ni neno moja, lakini ni mawili. Yalizaliwa nyumba mbali-mbali, hayana undugu hata kidogo. La taya linatoka kwa neno la kale sana, la kutafuna. La muti lilikuwa maneno mawili yameunganishwa: moja la ule ubao wenye ulimbo, ambao watu wa kwao zamani walikuwa wanawasha kama tochi, na moja la jina la muti wenyewe. Watu wakayasema pamoja, haraka-haraka, miaka na miaka, wakameza katikati, ikabaki Kiefer. Akachukua kipande cha pinusi chenye ulimbo, akakiwasha. Moshi mweusi mutupu. Mi kama fundi nilipenda hiyo, muti kupewa jina kwa namna unavyowaka.

"Donc, kumbe si ndugu?" nikamuuliza.

"Si ndugu. Wamefanana nguo tu."

Nikamuambia, "Hapa kwetu, mualimu, kufanana nguo na mutu mwingine ni jambo la kuogopa." Akaacha kucheka. Na hiyo nayo sikumuambia afande.

Afande alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo Mjerumani yuko wapi sasa hivi?"

"Nyamyumba. Analoweka goti."

Yule murefu akapiga meza. "Afande! Mujerumani analoweka goti!" Hata mi, ilipotoka kinywani, nilisikia ni uongo.

"Umutume mutu akamuulize," nikasema.

"Mzungu nikimuuliza atakutetea kabla sijamaliza swali. Nina pikipiki moja tu. Nataka mtu asiyejua nimepata nini mfukoni kwako. Nani mwingine alikuwepo alipochora?"

"Bibi yangu."

Nilisema haraka, kwa furaha. Neno lilikuwa bado halijafika ukutani nikajua nimejimaliza.

Kwa nini? Sababu iko sheria ya nyumba yangu. Kila nyumba wakati ule ilikuwa na yake, na yetu nilitunga mimi. Mutu yeyote mwenye uniforme akikuuliza habari yangu, habari ya jirani, habari ya njia, habari ya nani alipita: simbizi. Sijui. Usiongeze, usipunguze, kwa sababu neno la pili ndilo linaua. Nilimufundisha bibi mwenyewe. Nilikuwa nakaa kwa kiti, nafanya kama askari, namuuliza mambo, na yeye anajibu simbizi, hata nikimuuliza jina lake, mpaka tunaanguka kwa kicheko. Alifaulu vizuri sana. Siku moja alikuja mutu wa chanjo, amevaa koti tu la kaki, akamuuliza iko watoto ngapi nyumbani. Akamujibu simbizi. Watoto wamemushika nguo!

Na sasa pikipiki ilikuwa imeondoka kwenda kumuleta huyo.

Walinipeleka ndani ya kile chumba cha mabati, nyuma ya ofisi ya afande. Ofisi na chumba vilitenganishwa na bati moja tu. Askari mwingine, mufupi, akawekwa kwa mulango. Akaniambia, "Muzee, bibi yako akifika, we hauko. Ukikohoa tu, hata kidogo, nitasema umemupa alama. Unaelewa?"

Nilielewa.

Kwa tundu la musumari nilikuwa naona kipande cha njia. Wamama wanapita na mabeseni ya nyanya, wanarudi na mabeseni ya unga, wanamutania askari wa kamba ya bariyeri, anawatania. Mi nilikuwa napita pale kila juma na sikuwa najua kwamba kupita ni kitu. Saa nane. Saa tisa. Niliwaza nikimuona kwa mbali nitafanya hivi na mukono, lakini kulikuwa na bati. Niliwaza labda hayuko nyumbani. Halafu nikaogopa zaidi, kwa sababu kama hayuko, nani atasema? Mara naomba aje, mara naomba asije. Saa kumi ikapita. Kamyoneti ikaja, ikarudi nyuma taratibu, ikazima motere, ikakaa tayari karibu na kamba. Dereva akatoka, akajinyoosha, akaanza kula muhogo.

Saa kumi na nusu nikasikia pikipiki.

Nikasikia viatu vyake. Miaka mingi ya kuishi na mutu, unajua viatu. Kiti kikavutwa.

"Shikamoo mama," afande akasema.

Halafu sauti ya bibi yangu, nzito kwa sababu ya shavu:

"Sijui."

Yule murefu akacheka puani. Afande akasema taratibu, "Mama, hiyo ni salamu tu."

"Salamu sijui."

"Huyu fundi wa mbao wa Rugerero ni mume wako?"

"Sijui."

"Hujui kama ni mume wako?"

"Ntabyo nzi, afande. Mi sijui kitu."

"Mna watoto wangapi?"

"Sijui."

"Afande," yule murefu akasema, "huyu mama mukecuru hajui hata kama anapumua."

"Jana nyumbani kwako alikuja mzungu?"

"Muzungu sijui."

"Alichora kitu?"

"Sijui kuchora."

Nilikuwa nimeuma mukono wa shati. Askari wa mulango alikuwa ananitazama kinywa. Kila sijui ilikuwa kama mutu anafunga vis moja kwa jeneza langu, na ni mi nilimupa turunevisi, hiyo bisibisi, nikamuonyesha namna ya kuzungusha. Na sauti yake ilikuwa na furaha kidogo! Hiyo ndiyo ilinivunja. Alikuwa anaona anafanya vizuri. Alikuwa anaona ananiokoa.

Nje, dereva wa kamyoneti akafunga mulango wa nyuma, akaufungua tena.

Nikasikia kiti cha afande kinasogea. Aliposema tena sauti ilikuwa ya mutu mwingine, ya mutoto na mama yake.

"Mama, shavu limevimba sana. Unaweka dawa gani?"

"Chumvi," bibi akasema.

"Haisaidii."

"Haisaidii."

"Tangu lini?"

"Juma mbili."

"Na usiku unapata usingizi?"

"Nilale namna gani? Mutu anaumwa, na watu wanakuja kumucheka!"

"Nani alikucheka, mama?"

Na hapo, jamani, ilitoka. Sheria yangu haikuwa na kifungu cha jino. Nilikuwa nimemufundisha kuhusu mimi, kuhusu jirani, kuhusu njia. Kuhusu jino lake hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mi sikuwa namuuliza, nasema ukweli.

"Ule muzungu wa viti! Mi naumwa, yeye anagusa taya yake, anagusa mbao, anacheka! Ati kwao taya na pinusi vinaitwa jina moja. Nikasema moyoni, ngoja nikutoe meno nikuwekee mbao tuone kama utacheka."

"Akachora?"

"Akachora. Taya mbaya, meno kama ya kitana. Na muti unaungua. Mustari huku, mustari huku."

Nikaachia shati. Lakini afande alikuwa hajamaliza.

"Ule mstari wa taya, alisema unatoka wapi?"

Mi nilikuwa nimesema kutafuna. Nikamungoja aseme kutafuna. Nilikuwa namusukuma kwa mawazo, sema kutafuna, mama, sema kutafuna.

"Kwa kidudu," akasema bibi yangu.

"Kidudu gani?"

"Kile chenye mugongo mugumu, ndugu ya hivi vinakula mbao. Alisema jina la kidudu na jina la taya ndio nyumba moja, kazi yao ni kutafuna. Pinusi ndio mugeni."

"Mume wako amesimulia mambo hayo yote," afande akasema, na ile sauti ya mutoto na mama ilikuwa imeondoka. "Hakutaja mdudu."

"Na yeye alikuwepo," afande akaongeza.

"Ile saa ya kidudu hakuwepo."

"Alikuwa wapi?"

Nikasikia anavuta pumzi. Hapo alikumbuka sheria, nilijua, kwa sababu hili lilikuwa swali juu yangu na mahali nilipokuwa, lile hasa nililomukataza kuliko yote. Nje mutu akapiga filimbi ya kwanza, ile ya kuambia watu wa Goma warudi kwao.

"Mama. Alikuwa wapi?"

"Chooni, afande," akasema polepole, kama mutu anamusaliti mutu. "Alikula maharage ya jana yake. Alikaa sana. Tulifikiri amelala huko."

Yule murefu alicheka mpaka akakohoa. Askari wangu wa mulango aligeuka akaweka uso kwa bati, mabega yanatikisika. Na mi nikakumbuka! Ni kweli. Nilikwenda, na niliporudi muzee alikuwa anachora duara.

Afande akaja kwa mulango, karatasi mukononi.

"Mzee, jana ulikwenda chooni mara ngapi?"

"Mara tatu, afande."

Akanitazama. "Mngekuwa mmepanga, angesema ulikuwepo." Akakunja karatasi, akaiweka mufukoni mwake. "Hii inabaki. Mwambie Mjerumani wako achore viti tu. Na huyo mama mpeleke akang'olewe jino."

Nikataka kumuomba vipimo vyangu vya nyuma, mi ni mujinga kiasi hicho. Bibi akanifinya mukono, nikaacha.

Tulitembea kurudi Rugerero. Jua lilikuwa linashuka na watu wote wanakimbia kufika kwao. Tulipopita soko, nikatapika kando ya njia, na yeye akasimama akinishikia kofia. Nikamuambia imekwisha.

"Ulinifundisha kusema sijui," akasema. "Hukunifundisha mahali pa kuachia."

Nikachukua kofia yangu mukononi mwake, tukaendelea. Alisema yule askari wa pikipiki hakumuambia chochote, alisema tu "mume wako yuko kwetu," na yeye njia nzima alikuwa anarudia ile neno ndani ya kichwa, sijui, sijui, ili asikosee. Aliona akikosea mara moja nitakufa.

Tulipofika nyumbani, kulikuwa na harufu ya kuungua. Jikoni majivu yalikuwa mengi, mepesi, meusi, yanaruka ukipita. Nikamuuliza ni nini. Akasema alimuomba askari angoje nje abadili kitenge, akatumia ile nafasi kutia chini ya chungu karatasi zote za nyumba, kila kitu chenye maandishi, kwa sababu hajui kusoma na hakujua ni ipi mbaya. Kadi za chanjo za watoto. Kadi yake ya ubatizo. Barua zote za dada yangu wa Goma, na huyo dada alikuwa ameshakufa, hataandika nyingine. Na daftari yangu ya vipimo vya shule nzima, darasa kwa darasa.

"Nilifanya vibaya?" akauliza.

Nikamuambia hapana. Nikakoroga majivu kidogo na kijiti, labda kimebaki kipande. Hakikubaki.

Kesho yake Mujerumani alikuja shuleni akachechemea mpaka ndani, akanikuta nimepiga magoti napima upya urefu wa ukuta.

"Fundi, si tulimaliza kupima?"

"Mbao zimekauka, mualimu. Pinusi inabadilika."

Aliamini. Alikuwa mutu wa maneno, mbao hakuzijua. Akapiga magoti na lile goti lake bovu, akashika ncha nyingine ya kipimo, akatoa penseli na kijitabu. Nikamuambia tusiandike, mi nitaweka ndani ya kichwa. Akanitazama kidogo, akarudisha penseli mufukoni.

Tukapima hivyo siku tatu, yeye anashika, mi nasema namba kwa sauti na kuzirudia kama mutoto wa kurani. Lakini kichwa changu nimekwisha kuwaambia, vitu havikai. Ukienda kwa hiyo shule, darasa la mwisho upande wa ziwa, viti vya nyuma viko chini kidogo kuliko vya mbele, na watoto wa nyuma wanainua shingo kuona ubao.